Nilizunguka Mlima Kenya nikitafuta tairi, kumbe lilikuwa Mombasa

Binamu yangu wa Kilifi alinipigia simu juma lililopita. Amerithi pikipiki ya marehemu ami yetu, ya Kiingereza, ya zamani, na matairi yote mawili yamekufa. Alitaka kujua mimi huku Nyeri nilipata wapi langu. Nikaanza kumjibu kwa simu, salio likaisha kabla sijafika nusu ya habari. Kwa kuwa si yeye wa kwanza kuniuliza, na kwa kuwa najua Pwani kuna pikipiki nyingi za aina hiyo zimefunikwa maturubai nyuma ya nyumba, naona bora niiandike mara moja.

Mimi ni mwalimu, mzaliwa wa Mombasa, na mke wangu ni mtu wa Tetu, kaunti ya Nyeri. Baba mkwe wangu alikuwa karani wa chama cha ushirika cha kahawa. Miaka ya uhuru alinunua pikipiki kutoka kwa mlowezi mmoja aliyekuwa akifungasha virago. Ni BSA B31, mashine ya silinda moja ya sisi 350, iliyoundwa Birmingham kati ya 1945 na 1959. Mzee aliitumia kuzungukia viwanda vya kahawa mpaka mgongo ukamkatalia. Ilikaa ghalani miaka mingi, mpaka siku moja akaniita na kuniambia, "Mwalimu, ichukue wewe. Wanangu wa kuzaa hawaitaki, inawachafua nguo."

Injini iliwaka baada ya siku mbili za kusafisha. Breki nikazishughulikia. Matairi nikayaangalia kwa macho tu: yalikuwa na meno kamili, hata vile vinywele vya mpira pembeni vilikuwepo bado, kwa sababu mzee aliyanunua muda mfupi kabla ya kuiegesha. Nikayatia upepo, yakashika. Nani angetilia shaka?

Julai ya mwaka juzi nilikuwa nikirudi mjini kwa barabara ya Ihururu, mwanangu wa miaka 13 amekaa nyuma. Wapwani wasioijua Nyeri ya Julai wajue kwamba ni mwezi wa baridi na manyunyu ambayo hayanyeshi wala hayaachi. Sikuwa na mwendo. Kwenye kona moja gurudumu la mbele liliteleza kana kwamba lami imepakwa sabuni, tukalala wote wawili. Mimi nilichubuka. Mtoto alivunjika mtulinga. Alikaa na kitambaa shingoni majuma sita, na mama yake hakunisemesha kwa muda unaokaribia huo.

Nilipoirudisha pikipiki nyumbani nililikandamiza lile tairi la mbele kwa ukucha. Ukucha haukuingia hata kidogo. Lilikuwa gumu kama kifuu cha nazi.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba meno ya tairi ni nusu ya habari. Mpira huzeeka hata kama haujatembea hata kilomita moja. Hewa na mwanga wa jua huula polepole, mafuta yaliyoulainisha yanatoka, nao unakuwa mkavu. Tairi la namna hiyo kwenye lami kavu yenye joto linaweza kukudanganya mwaka mzima. Kwenye lami baridi yenye maji halishiki kitu. Mji wa Nyeri uko mita zipatazo 1,750 juu ya bahari, na barabara zake nyingi ni za kupanda, kushuka na kukunja kona, kwa hiyo ukweli wa tairi hujulikana haraka kuliko kwenye barabara zetu zilizonyooka za Malindi.

Umri wa tairi umeandikwa ubavuni. Tafuta herufi DOT na mstari wa herufi na tarakimu unaofuata. Tarakimu nne za mwisho ndizo tarehe: mbili za kwanza ni wiki, mbili zinazofuata ni mwaka. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya 2019. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi hilo limetengenezwa kabla ya 2000, na hapo huna haja ya kuendelea na mazungumzo na muuzaji. La kwangu lilikuwa na tatu. Uingereza, tangu Februari 2021, imepiga marufuku matairi yaliyozidi miaka 10 kwenye magurudumu ya mbele ya malori na mabasi, hata yakiwa na meno mazuri kiasi gani. Kwa pikipiki sheria hiyo haiwahusu, lakini mwenye magurudumu mawili ana sababu kubwa zaidi ya kuifuata kuliko mwenye sita.

Baada ya tarehe, jifunze kusoma saizi. Pikipiki za zamani za Kiingereza zimeandikwa kwa inchi. La kwangu lilisema 3.25-19: upana wa inchi tatu na robo, na ringi ya kipenyo cha inchi 19. Matairi mapya mengi huandikwa kwa milimita, mfano 90/90-19: upana wa milimita 90, kimo cha ubavu asilimia 90 ya upana huo, na ringi bado kwa inchi. Tairi la 3.25 linakaribiana na 90/90, na la 3.50 linakaribiana na 100/90. Ikiwa maandishi ya tairi yamefutika, safisha ringi yenyewe kwa brashi ya waya, kwani ringi za Kiingereza hupigwa muhuri. Yangu ilikuwa na WM2-19. WM2 ni upana wa inchi 1.85, unaofaa tairi la 3.25 bila tabu.

Basi nikaandika 3.25-19 kwenye karatasi na kuanza safari.

Duka la kwanza mjini Nyeri kijana aliniambia, "Namba 19 tunazo," nikafurahi. Akaniletea tairi la gari kubwa la kifahari, pana kama sinia la pilau. Duka la pili walinionyesha ukuta mzima wa matairi ya pikipiki, mapya, yananukia, yote 2.75-17, 3.00-17 na 3.00-18. Duka la tatu vivyo hivyo. Karatina, ambako siku ya soko unaweza kupata kila kitu kuanzia maharagwe hadi injini ya posho mill, hali ilikuwa ile ile. Fundi mmoja wa panchari karibu na stendi alinihurumia. "Mwalimu, hiyo saizi haiko. Uza hii chuma, nunua Boxer, utapata tairi hata saa nane usiku."

Alikuwa amesema jambo la kweli. Tangu serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki za chini ya sisi 250 mnamo 2008, bodaboda zimejaa nchi nzima, na karibu zote ni za India na China zenye ringi za inchi 17 au 18. Muuzaji wa Karatina ana nafasi ndogo na mtaji mdogo. Ataweka tairi ambalo litauzwa leo. Za inchi 21 za mbele utazipata pia, kwa sababu zipo pikipiki za mashambani na za miradi zenye gurudumu refu la mbele. Ila 19 imebaki katikati, haina wa kuililia. Zamani ilikuwa ndiyo saizi kuu: BSA M20, Norton 16H na Matchless G3L, zile pikipiki za jeshi la Uingereza za Vita vya Pili, zote zilitembelea 3.25-19. Na kiwanda cha matairi tulichokuwa nacho Nairobi, kilichoanza kama Firestone na baadaye kuwa Sameer, kiliacha kutengeneza matairi 2016. Tangu hapo tunategemea meli.

Mafundi wa jua kali si watu wa kukuacha uende mikono mitupu, na katika wiki zile nilipewa ushauri wa kila aina. Kuna aliyetaka kuvalisha tairi la 18 kwenye ringi yangu ya 19 kwa maji ya sabuni na vyuma viwili virefu. "Litavutika tu." Halivutiki. Ukingo wa ndani wa tairi una waya wa chuma, na kazi ya waya huo ni kutovutika. Tofauti ya kipenyo ni inchi nzima, milimita 25. Ukifanikiwa kulilazimisha, jua umekata waya, na tairi lenye waya uliokatika linaweza kuruka kwenye ringi ukiwa mwendoni. Kuna aliyesema achonge mitaro mipya kwenye lile lile la zamani kwa kisu cha moto, nami nikamwonyesha mtulinga wa mwanangu kwenye picha ya eksirei niliyokuwa nayo mkobani.

Ushauri wa tatu ulikuwa na akili, na nusura niufuate: kuondoa ringi ya 19 na kufunga ya 18 kwenye habu ile ile, kwa spoki fupi zaidi. Ukifanya hivyo kila duka la bodaboda linakuwa duka lako. Pikipiki hushuka nusu inchi tu. Wapo wapenzi wa vitu vya kale watakaokuona msaliti, mimi siko kwenye kundi hilo, pikipiki ni ya kuendeshwa. Kilichonikwamisha ni hesabu. Habu ya BSA ina matundu 40 ya spoki, ringi za bodaboda zina 36. Fundi alipohesabu mara mbili na kupata 40, aliweka bisibisi chini na kuagiza chai.

Niliyemhitaji nilimkuta Nanyuki, kama kilomita 60 kutoka Nyeri. Nanyuki ni mji wa mashamba makubwa na wa kambi ya mazoezi ya jeshi la Uingereza, nikadhani huenda kumebaki akiba ya vitu vya Kiingereza. Hakukuwa na akiba. Lakini kwenye gereji moja ya matrekta nilimkuta mzee mmoja amekaa kwenye debe, akasikiliza hadithi yangu yote, kisha akauliza, "Kila duka unaingia unasema nini?"

Nikamwambia nasema natafuta tairi la BSA.

"Ndiyo maana unachekwa. Usiulize tairi la BSA. BSA ilikufa zamani. Uliza tairi la Bullet."

Hapa nieleze, kwa sababu maneno haya ndiyo yaliyonitoa gizani. Royal Enfield Bullet ilikuwa pikipiki ya Kiingereza kama BSA. Mwaka 1955 ilianza kuunganishwa Madras, India, na Wahindi hawakuacha. Kampuni mama ya Uingereza ilikufa, BSA nayo ikaporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Madras waliendelea kutoa Bullet kwa miongo kadhaa karibu bila kubadili umbo lake: ringi ya inchi 19 mbele na nyuma, tairi 3.25-19, habu ya matundu 40. Polisi, jeshi na wauza maziwa wa India wamezitumia na kuzichakaza, na pikipiki inayochakazwa kila siku inahitaji tairi kila mara. Kwa hiyo kampuni za India kama MRF na Ceat hutengeneza saizi hiyo si kwa ajili ya makumbusho bali kwa ajili ya watu wa kazi. Tairi halijui limefungwa kwenye pikipiki ya jina gani. Linajua kipenyo, upana na uzito.

Ulaya nako yapo. Mitas wa Jamhuri ya Cheki na Heidenau wa Ujerumani wana matairi ya sura ya kizamani, na Dunlop wana K70 inayopendwa na wenye Triumph. Ni mazuri. Ila kuagiza tairi moja kutoka Ulaya ni kusafirisha hewa, kwa sababu mizigo ya ndege hutozwa kwa ukubwa wake kama si kwa uzito. Avon, jina ambalo wazee wetu walilijua sana, kiwanda chake cha Melksham huko Uingereza kilifungwa 2023.

Na matairi ya India yanaingilia wapi Kenya? Niliposimama nje ya gereji ile nikijiuliza swali hilo, baridi ya mlima ikinikata masikio, nilicheka peke yangu. Yanaingilia Kilindini. Nimepanda milima kutafuta kitu ambacho kama kipo, kilipita karibu na nyumba ya mama yangu.

Nikampigia ndugu yangu Mombasa. Alienda kwa muuza spea mmoja wa Kihindi, mzee wa siku nyingi, na hakutaja BSA. Aliuliza 3.25-19 ya Bullet. Yule mzee aliinuka bila kuuliza swali, akapanda ngazi ya mbao, akashuka na matairi matatu yaliyofungwa karatasi. Mawili yalikuwa ya mwaka uliotangulia. La tatu, ndugu yangu alilisoma kwa simu huku nikimsikiliza: lilikuwa na miaka 12. Nikamwambia aliache. Muuzaji alisema ni jipya, halijawahi kufungwa. Alisema kweli, na halikunifaa hata hivyo. Kwa hawa wauzaji wa siku nyingi hilo ndilo la kuangaliwa: wana vitu ambavyo wengine hawana kwa sababu vitu hivyo hukaa sana, na duka la bati la Mombasa ni tanuri. Msiwaonee haya kuomba kusoma tarakimu.

Soma pia mzigo. Baada ya saizi huwa kuna namba na herufi, mfano 54P. Namba 54 ni kilo 212 kwa tairi moja, na P ni mwendo wa hadi kilomita 150 kwa saa. B31 haitafika huko hata ikisukumwa na upepo wa kusi. Ukiona 6PR, hiyo ni nguvu ya uzi wa ndani, inatosha kubeba mtu na mtu. Angalia na mshale unaoonyesha upande wa kuzunguka, kwa maana nimeona matairi mengi ya bodaboda yamefungwa kinyume na mwenyewe hajui.

Kuna kitu nilichokaribia kusahau, na ningekisahau ningelala njiani: tyubu. Ringi za spoki zinahitaji tyubu, na tyubu ya 19 ni adimu kama tairi lake. Fundi atakuambia ya 18 inatosha. Itaingia, itakufikisha nyumbani siku ya dharura, lakini imevutwa kuliko ilivyokusudiwa na unene wake umepungua, kwa hiyo msumari mdogo unaoweza kusamehewa na tyubu nzuri hiyo haitausamehe. Ndugu yangu alinunua mbili za saizi kamili, pamoja na ule ukanda wa mpira unaofunika vichwa vya spoki. Ukanda wa zamani, nilipoutoa, ulivunjika mkononi kama biskuti.

Mzigo ulikuja kwa basi, Mombasa hadi Nairobi, kisha matatu hadi Nyeri. Kwa jumla matairi na nauli yake vilinigharimu mara tatu ya matairi ya bodaboda. Fundi wa panchari wa Karatina, yule wa kunishauri niuze chuma, ndiye niliyempa kazi ya kufunga, kwa sababu mkono wake ni mwepesi na hakung'oa rangi ya ringi hata mahali pamoja. Alilizungusha gurudumu, akalitazama ukingo wake kama unakaa sawa pande zote, akasema tu, "Kumbe iko."

Matairi mapya huja na utelezi wa kiwandani juu yake, ule unaosaidia kuyatoa kwenye kalibu. Kilomita 150 za mwanzo nenda taratibu, usiilaze pikipiki kwenye kona, na usianze siku ya mvua. Mimi nilizimaliza kwa kwenda Mweiga na kurudi, mara kadhaa, jua likiwaka, peke yangu. Mwanangu aliomba kupanda. Nilimwambia asubiri, na mama yake akaniangalia kwa mara ya kwanza kwa jicho la heri.

Sasa nimjibu binamu. Kwanza safisha ringi na unisomee muhuri. Ikiwa ni 19 kama yangu, usije huku mlimani, panda matatu uende Mombasa ukaulize ya Bullet. Jihadhari tu na Bullet za siku hizi: matoleo mapya yana 100/90-19 mbele na 18 nyuma. Hiyo 100/90 ni pana, inaweza kugusa madigadi ya pikipiki ya kale, basi pima nafasi kabla ya kulipa. Ikiwa ringi ni 18, kama BSA Bantam za miaka ya mwisho, una bahati, tairi lako la 3.00-18 liko duka lolote la bodaboda hapo Kilifi. Na kwa wale wenye Vespa, maana najua mtauliza: za inchi 10 zipo kwa sababu skuta bado zinatembea, na tairi la 4.00-8 halitaadimika Mombasa maadamu tuktuk zinabeba abiria.

Kuagiza mwenyewe kutoka India inawezekana pia, ila bidhaa zinazoingia hukaguliwa kwa kanuni za KEBS na kutozwa ushuru, na kwa matairi mawili usumbufu ni mwingi kuliko faida. Bora watu watano au sita wenye 19 wakubaliane, wampelekee muuzaji mmoja oda na malipo ya awali. Mfanyabiashara hawezi kuweka ghalani kitu asichojua nani atakinunua. Akijua, ataleta.

Baba mkwe alikuja kuyaona matairi Jumapili moja. Aliinama kwa shida, akayakandamiza kwa ukucha wake mwenyewe, akaona alama imebaki. Hakusema kitu juu ya ajali, hakuwahi kusema. Aliuliza kama nimenunua la akiba. Nimenunua moja, limefungwa gunia jeusi chini ya kitanda, mbali na mwanga, na mke wangu analalamika kwamba chumba kinanuka gereji.